Utando wa Metali Kwenye Baridi Kali: Kipimajoto Kinasema Hivi, Elektroni Zinasema Vile

Chukua kibao cha kioo, kipake dhahabu ya unene wa nanomita 10, kisha ukipoze kutoka joto la chumba hadi 4.2 K (kelvini 4.2, yaani nyuzi 4.2 tu juu ya sifuri kamili), pale heli inapochemka. Waya mnene wa dhahabu safi ungepoteza karibu ukinzani wake wote njiani. Utando hauendi hivyo. Unashuka hadi nusu au theluthi mbili ya ulipoanzia, unasimama, na ukizidi kuupoza unaanza kupanda tena, polepole, sehemu chache tu kwa elfu kumi. Asiyeuzoea atadhani waya umelegea mahali.

Kupanda huko ni kwa kweli, na ndani yake mna fizikia nzuri mno. Tatizo ni kwamba mkondo uliozidi kidogo, simu iliyo mezani au chembe za chuma ndani ya dhahabu yako vinaweza kuchora mkunjo unaofanana na ugunduzi. Kwa hiyo nitaeleza utando unafanya nini kwenye baridi na kwa nini, ila nitakaa zaidi kwenye swali ambalo naona linaulizwa kwa kuchelewa: elektroni zenyewe zimepoa kiasi gani?

Omu kwa mraba

Ukinzani wa utando hutajwa kwa mraba. Kata kipande cha mraba, pitisha mkondo kutoka upande mmoja hadi wa pili: mraba wa milimita moja na mraba wa mita moja hutoa jibu lile lile, maana ukiongeza urefu mara mbili umeongeza na upana mara mbili. Kipande cha urefu wa 1 mm na upana wa 0.1 mm kina miraba 10. Kikisoma omu 500, utando wako ni wa omu 50 kwa mraba. Kipande hiki tukiweke akilini, nitakirudia hadi mwisho.

Namba hii ina uzito kuliko unene wenyewe. Kwenye uso wenye urefu na upana tu, maumbile yana vipimio vyake vya ukinzani vilivyojengwa kwa chaji ya elektroni na namba ya Planck tu: omu 25,813 kwa elektroni mojamoja, na robo yake, omu 6,453, elektroni zinapotembea wawiliwawili. Utando wa omu 50 uko mbali sana na namba hizo, kwa hiyo ni metali yenye kasoro ndogo. Utando wa omu 5,000 unakaribia mpaka, na tabia yake haitabiriki kwa kuangalia jina la metali iliyoko ndani.

Kwa nini ukinzani unasimama njiani? Mitetemo ya atomi hutulia kadiri baridi inavyozidi, lakini kasoro hazitulii. Katika dhahabu ya joto la chumba elektroni husafiri wastani wa nanomita 38 hivi kabla ya kugongwa. Kwenye utando wa nanomita 10, uso wa juu na wa chini vinaifikia mapema kuliko mtetemo wowote. Fuchs aliweka hesabu hiyo mwaka 1938 na Sondheimer akaiendeleza. Mwaka 1970 Mayadas na Shatzkes wakaongeza mipaka kati ya punje za fuwele, na kwa tando za kawaida za kupakwa kwa mvuke naona mipaka hiyo ndiyo inayoumiza zaidi. Dhahabu nzima ingetoa omu 2.2 kwa mraba kwa unene huo. Ukipata 6 au 10 usishangae. Ukipata 50 ujue utando umejaa mianya, au ni mchanganyiko kama dhahabu na paladi.

Kupaka utando

Dhahabu haipendi kioo. Atomi zake zinajikusanya kama matone ya maji kwenye jani la mgomba, na chini ya nanomita 5 au 7 unapata visiwa visivyogusana. Hapo hupimi metali tena, unapima elektroni zikiruka kutoka kisiwa hadi kisiwa, na ukinzani utapanda kwa kasi kadiri baridi inavyoongezeka.

Dawa ya kawaida ni kupaka kwanza tabaka la kushikia, nanomita 1 au 2 za kromi au titani. Kwa kazi ya baridi kali tabaka hilo ni mtego. Kromi ikipenya ndani ya dhahabu inaleta atomi zenye usumaku, na atomi hizo hutawanya elektroni kwa namna ninayoieleza chini. Titani nayo hugeuka supakondakta, yaani hupoteza ukinzani wote, chini ya 0.4 K, hivyo ukinzani wa utando wako unaweza kushuka ghafla kwa sababu isiyohusiana na dhahabu hata kidogo. Kama huna budi, pima kibao chenye tabaka la kushikia peke yake kabla ya kuamini chochote.

Njia iliyo safi zaidi ni kupaka metali juu ya kibao ambacho tayari kiko kwenye baridi. Atomi ikitua kwenye uso wenye joto la kelvini chache inaganda palepale ilipoangukia, haina nguvu ya kutambaa ikatafute wenzake. Mwaka 1954 Buckel na Hilsch walipaka bismuthi hivyo wakapata kitu cha ajabu: bismuthi ya fuwele, ambayo si supakondakta kwenye baridi yoyote ya kawaida ya maabara, ikawa supakondakta karibu na 6 K ilipokosa mpangilio. Ukiiacha ipate joto, atomi zinajipanga na hali hiyo inapotea, hivyo kipimo chote lazima kifanyike humo humo ndani ya chombo, bila kufungua ombwe. Ukitanguliza tabaka jembamba la jerimani, metali inalowa vizuri na utando unaungana hata ukiwa na unene wa tabaka chache tu za atomi.

Andika kila mara unene, kasi ya kupaka, shinikizo la ombwe na joto la kibao. Alumini iliyopakwa taratibu kwenye ombwe baya hula oksijeni, punje zake zinakuwa ndogo, na joto lake la kuwa supakondakta linapanda kutoka 1.2 K hadi 2 K au zaidi. Alumini mbili za unene mmoja zinaweza kutofautiana kiasi hicho kwa sababu ya pampu tu.

Kupanda kwa logi

Turudi kwenye kile kimkunjo kinachopanda. Mwaka 1979 Abrahams, Anderson, Licciardello na Ramakrishnan walionyesha kwamba elektroni kwenye utando wenye kasoro haiwi huru kabisa. Elektroni ni wimbi. Likigongwagongwa na kurudi lilikotoka, linaweza kuizunguka njia hiyo hiyo kwa pande mbili, na mawimbi hayo mawili yanakutana mwanzoni yakiwa sambamba. Uwezekano wa kurudi nyuma unaongezeka, na umeme unapita kwa shida zaidi. Mwaka huo huo Dolan na Osheroff walipima tando za dhahabu na paladi, na ukinzani ukapanda kwa logi ya halijoto, yaani kwa kiasi kile kile kila halijoto inaposhuka mara 10. Altshuler na Aronov wakaongeza sababu ya pili: elektroni zikitawanywa ovyo hukaa karibu na wenzake kwa muda mrefu zaidi, na msukumano wao nao hutoa logi.

Kiasi chake kinajulikana. Halijoto ikishuka mara 10, upitishaji wa mraba mmoja hupungua kwa takriban 2.8 × 10⁻⁵ siemensi (kipimio cha upitishaji, kinyume cha omu), ukichukua kizidisho cha moja. Zidisha kwa omu kwa mraba upate badiliko kama sehemu ya jumla: utando wa omu 1,000 utapanda asilimia 2.8, ule wetu wa omu 50 asilimia 0.14 tu. Shika hiyo 0.14. Ndiyo inayowavuta watu waongeze mkondo, na kuongeza mkondo ndiko kunakoharibu kipimo.

Kutofautisha sababu hizo mbili kunahitaji uga sumaku uliosimama wima juu ya utando. Uga huvuruga usawa wa mawimbi yale mawili, lakini msukumano wa elektroni hauujali uga mdogo. Nguvu inayohitajika inategemea umbali ambao elektroni husafiri kabla ya kusahau wimbi lake: kwa nanomita 100 ni kama militesla 16, kwa mikromita moja ni militesla 0.16 tu. Uga wa dunia wenyewe ni kama militesla 0.05, na sumaku ya supakondakta iliyopandishwa hadi tesla kadhaa ikarudishwa sifuri hubakiza militesla kadhaa ndani yake. Pima kutoka hasi hadi chanya kila mara. Sifuri ya kweli ni pale mkunjo unapolingana pande zote mbili, na skrini ya kifaa cha sumaku haikuambii ni wapi.

Dhahabu ina hila yake. Kiini chake kizito hugeuza mzunguko wa elektroni, na mawimbi yanayorudi yanakutana yakiwa yamepingana. Kwa magnesi, metali nyepesi, uga hupunguza ukinzani. Kwa dhahabu uga huuongeza. Bergmann alipaka magnesi kwenye baridi, akapima, kisha akanyunyiza juu yake dhahabu kiasi cha sehemu moja kwa mia ya tabaka moja la atomi. Kiasi hicho kidogo kilitosha kuanza kugeuza umbo la mkunjo. Sijui jaribio jingine linaloonyesha kwa uwazi namna hiyo jinsi utando unavyosikia kila kitu kinachougusa.

Sababu ya tatu si ya utando hasa, ni ya uchafu. Mwaka 1934 de Haas, de Boer na van den Berg waliona ukinzani wa dhahabu ukifika chini kabisa kisha kupanda, na ilichukua hadi 1964 kwa Kondo kueleza kwamba atomi chache zenye usumaku ndizo chanzo. Nazo hutoa logi! Chembe chache za chuma kwa milioni zinatosha. Mwaka 1997 kukazuka ubishi mkubwa baada ya vipimo kwenye nyaya nyembamba za dhahabu kuonyesha kwamba muda wa kukumbuka wimbi unaganda badala ya kuongezeka kwenye baridi kali. Kufikia 2003 ilionekana kwamba fedha ya usafi wa asilimia 99.9999 inafuata nadharia, na kwa ile ya 99.999 muda huo unaganda. Tofauti ni tarakimu moja ya mwisho kwenye lebo ya chupa. Bakuli la kuyeyushia lililowahi kutumika kwa nikeli au chuma lisitumike tena kwa dhahabu, hata likisuguliwa.

Supakondakta jembamba

Kwenye metali nene ukinzani hudondoka ndani ya sehemu ndogo ya kelvini. Kwenye utando hushuka kwa mteremko, maana jozi za elektroni huanza kujitokeza na kupotea hata juu ya joto lenyewe la mpito, lile la kugeuka supakondakta. Glover aliliona hilo kwenye bismuthi mwaka 1967, Aslamazov na Larkin wakalieleza mwaka uliofuata: upitishaji wa ziada kwa mraba ni 1.52 × 10⁻⁵ siemensi ukigawanya kwa umbali wa halijoto kutoka mpito, umbali huo ukihesabiwa kama sehemu ya joto la mpito. Unene haumo kabisa, wala jina la metali.

Hapo kuna somo la vitendo. Wengi hutaja joto la mpito kuwa pale ukinzani unapofika nusu. Kwa utando wa omu 5 kwa mraba kosa ni kama sehemu 8 kwa laki moja, halina neno. Kwa utando wa omu 1,000 nusu hiyo iko asilimia 1.5 juu ya mpito, na kosa linakua pamoja na ukinzani. Ukilinganisha tando za unene tofauti kwa kanuni ya nusu, sehemu ya tofauti utakayoichora umeitengeneza mwenyewe.

Chini ya hapo bado ukinzani si sifuri. Vimbunga vidogo vya mkondo huzurura kwenye utando, na vinatulia tu vinapofungamana wawiliwawili, kimoja kikizunguka kulia na mwenzake kushoto. Hiyo ndiyo kazi iliyowapa Kosterlitz na Thouless tuzo ya Nobel mwaka 2016. Dalili inayotafutwa ni volti kukua kwa kipeo cha tatu cha mkondo. Joto la mkondo wenyewe nalo hupinda mstari wa volti kuelekea juu, kwa hiyo kipeo cha 3 kilichopatikana kwenye mikondo mikubwa tu hakinishawishi. Lazima kionekane kwenye mikondo midogo, pale ambapo wati zinazomwagwa ni chache.

Na utando ukizidi kuwa mwembamba? Mwaka 1989, Haviland, Liu na Goldman walipaka bismuthi kwenye kibao baridi chenye jerimani, wakaongeza kidogo kidogo kutoka karibu nanomita 0.4 hadi 7.4, wakipima kila hatua bila kufungua chombo. Tando za mwanzo zilikuwa kihami: kadiri zilivyopozwa ukinzani ulipaa. Za mwisho zilikuwa supakondakta. Mpaka kati yao ulikaa karibu na zile omu 6,453. Metali nyingine huvuka kwenye namba tofauti na hiyo, na sioni sababu ya kulazimisha data ziangukie hapo.

Nyaya, lehemu na marudio

Tumia miguso minne: miwili ya kupitisha mkondo, miwili ya kusoma volti. Hilo linajulikana. Lisilosemwa sana ni kwamba utando usio sawasawa ukipimwa kwa miguso iliyo pembeni hutoa kilele cha ukinzani karibu na mpito, au hata volti hasi, kwa sababu mkondo unahamia sehemu iliyotangulia kuwa supakondakta. Chora utando uwe ukanda mwembamba wenye vijiti vya volti ubavuni, na hayo yatapungua sana.

Waya wa shaba wa kipenyo cha 0.1 mm na urefu wa mita moja, kutoka chumbani hadi 4 K, huleta joto la karibu miliwati 1. Wati moja huchemsha lita 1.4 za heli kwa saa, kwa hiyo nyaya 24 za shaba unazilipia. Bronzi ya fosfori au manganini hupitisha joto chini ya sehemu moja ya kumi ya shaba. Zisokote wawiliwawili, mkondo na mkondo, volti na volti. Kila jozi izungushwe mara kadhaa kwenye kigingi cha shaba katika kila ngazi ya baridi na ibandikwe kwa vanishi. Waya uliogusa kigingi kwa nukta moja haujapoa.

Lehemu ya kawaida ya bati na risasi hugeuka supakondakta karibu na 7 K na inanasa uga. Indi iliyobonyezwa kwa kidole cha mbao hushika dhahabu vizuri bila moto, lakini nayo hugeuka kwenye 3.4 K. Vinyuzi vya alumini vya kushonea hugeuka kwenye 1.2 K na kurudi kawaida kwenye uga wa militesla 10 hivi. Ukiona kingazi kidogo karibu na hapo, shuku vinyuzi kabla ya utando.

Sasa kipimo. Chanzo cha volti 1 kupitia rezista ya megaomu 100 hutoa nanoampea 10. Kwenye kipande chetu cha omu 500 hiyo ni mikrovolti 5, na maungio ya metali tofauti njiani kutoka chumbani hutengeneza mikrovolti kadhaa yenyewe. Ndiyo maana mkondo hugeuzwageuzwa na kusomwa kwa amplifaya ya lokini, kifaa kinachosikiliza masafa ya mkondo huo tu. Mimi napenda masafa kati ya hezi 7 na 20, mfano 13.7, yasiyogawanya 50 wala 60. Kelele ya pembejeo nzuri ya lokini (sehemu inayopokea volti) ni kama nanovolti 4 kwa kila mzizi wa hezi. Asilimia 0.14 ya mikrovolti 5 ni nanovolti 7. Kwa hiyo badiliko lote unalolitafuta ni kubwa kidogo tu kuliko kelele ya sekunde moja, na kila nukta inadai dakika kadhaa za kusubiri.

Upande wa tando zenye ukinzani mkubwa mambo yanageuka. Chujio la kelele lenye kapasita ya nanofaradi 10 pamoja na utando wa kiloomu 100 huchelewesha wimbi la hezi 13.7 kwa nyuzi 5. Utando ukifika megaomu 1 wimbi linakatika vibaya, na pembejeo ya megaomu 10 inakula asilimia 10 ya jibu. Ukiona sehemu ya wimbi iliyochelewa inakua pamoja na ukinzani, acha lokini. Weka volti ndogo isiyogeuka na usome mkondo kwa pikoameta, ukigeuza alama kwa mkono.

Elektroni zenye joto

Kipimajoto chako kimefungwa kwenye shaba. Utando uko juu ya kibao, kibao kiko juu ya grisi, grisi juu ya shaba. Hata hiyo si sehemu mbaya. Mbaya ni kwamba ndani ya utando wenyewe kuna jamii mbili, elektroni na atomi zinazotetema, na kwenye baridi kali zinaacha kuzungumza. Mkondo unawapa joto elektroni, nao hulitoa kwa atomi kwa kiasi kinacholingana na ujazo wa utando mara tofauti ya vipeo vya tano vya halijoto zao. Kwa shaba na dhahabu kizidisho ni karibu nanowati 2 kwa mikromita ya ujazo kwa kelvini kwa kipeo cha tano.

Fanya hesabu kwa kipande chetu: urefu 1 mm, upana 0.1 mm, unene 10 nm. Ujazo ni mikromita 1,000 za ujazo. Kwenye 4.2 K, kupandisha elektroni kwa sehemu moja ya kumi kunahitaji karibu miliwati 1.6, yaani mkondo wa miliampea 1.8, kibao kitapata moto kabla yake. Kwenye milikelvini 50, kuzipandisha hadi 60 kunahitaji pikowati 0.9. Mkondo: nanoampea 43. Ukipitisha 100, elektroni ziko kwenye milikelvini 77 au 78. Ukipitisha mikroampea 1, ambayo kwa vifaa vingi ni mpangilio wa kawaida, ziko kwenye 190, na hazitashuka tena hata shaba ifikishwe milikelvini 10. Ncha za utando husaidia kunyonya joto kidogo kama miguso ni mikubwa na si supakondakta. Zikiwa supakondakta mlango huo nao unafungwa.

Matokeo kwenye grafu ni mstari unaopanda vizuri kwa logi, kisha unalala. Unalala kwa ulaini kabisa, bila kelele, kama tabia halisi ya metali.

Uchunguzi wake ni huu. Pima mkunjo mzima kwa nanoampea 3, 10, 30 na 100. Mahali mstari unapolala panatakiwa kushuka pamoja na mkondo, lakini kwa uvivu, kwa sababu ya kile kipeo cha tano: kupunguza mkondo nusu hushusha sakafu ya halijoto kwa robo tu, na kuupunguza mara 10 huishusha mara 2.5. Anayepunguza nusu, akaona badiliko dogo, akaandika kwamba mkondo hauna athari, amejidanganya.

Mstari ukikataa kabisa kusogea, mshukiwa wa pili ni kelele. Pikowati 0.9 iliyokuwa ikitosha hapo juu haiulizi imetoka wapi. Kebo isiyozibwa, kompyuta iliyounganishwa kwa waya wa data, swichi ya pampu, vyote ni antena. Kuna pia mwanga wa joto la chumba unaoshuka ndani ya nyaya: kelvini 1 inalingana na gigahezi 20.8, hivyo milikelvini 50 ni gigahezi 1 tu, na chujio la kawaida la kapasita halizuii huko juu. Weka vichujio viwili vya aina tofauti. Karibu na utando, rezista ya kiloomu 1 na kapasita ya nanofaradi 10 hukata juu ya kilohezi 16. Rezista iwe ya utando wa nikeli na kromi, maana zile za kubandika za oksidi ya ruthenia hupanda sana kwenye baridi, kiasi kwamba hutumika kama vipimajoto. Kapasita iwe ya aina ya C0G. Za X7R hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake zikipoa na chujio linabaki jina. Kwa masafa ya gigahezi, zungusha waya mrefu ndani ya kopo lililojaa unga wa shaba, kama walivyofanya Martinis, Devoret na Clarke miaka ya 1980: kila chembe ya unga ina uso wake, na mawimbi ya juu yanakufa kwenye nyuso hizo.

Kisha jaribu kwa makusudi. Tenganisha kompyuta, tumia betri, soma tena. Washa simu karibu na kebo, soma tena. Ukinzani ukitikisika kwa lolote kati ya hayo, elektroni zako haziko mahali kipimajoto kinaposema.

Hili limebadilisha hata mijadala mikubwa. Kwa miaka mingi tando za supakondakta zilizowekwa kwenye uga zilionyesha ukinzani unaoshuka kisha kuganda kwenye thamani ndogo, zikaitwa metali za ajabu zisizo supakondakta wala kihami. Mwaka 2019 jarida la Science Advances lilitoa kazi ya Tamir na wenzake kuhusu tando za oksidi ya indi na fuwele nyembamba za niobi na seleni. Walipoongeza vichujio kwenye nyaya, ukinzani uliokuwa umeganda ukaendelea kushuka. Haimaanishi kila ugandaji ulioripotiwa ni kelele. Lakini grafu ya aina hiyo ikinifikia, natafuta kwanza sentensi inayotaja vichujio, masafa yanakokata na mkondo uliotumika, na pale ambapo sentensi hiyo haipo, sisomi chini ya halijoto ambayo mstari unaanza kulala.